Punje 41 za mahindi

Yaya (si dada yangu wa damu, kwetu yaya ni yeyote aliyekutangulia na unayemheshimu kwa hilo) alikaa nyuma kabisa, juu ya dumu la manjano, tunaloliita bidoni, mahindi makavu yamejaa kiganja chake cha kulia. Nikadhani anatafuna. Siku hiyo watoto walikuwa 28 chini ya mwembe, kila mmoja na kipande chake cha katoni na makala ya kuchorea (huku kwetu Lubumbashi, Kongo, makala ni mkaa, maandishi kama haya tunayaita vingine). Nami nilikuwa nawazunguka kama nilivyozoea kila Jumamosi, nikiinama hapa, nikirekebisha pale, nikimkanya huyu asijipake usoni na yule asimpore mwenzake. Saa ikaisha, watoto wakatawanyika, mikono myeusi. Yaya akaninyoshea mkono wa kushoto, akafungua vidole.

“Hesabu.”

Nikahesabu. Punje 41.

“Ni ya nini hii, Yaya?”

“Ni hapana zako. Kila mara uliambia mutoto hapana, miye nilikuwa nahamisha moja.”

Nilikuwa na majibu tele. Kwamba hapana nyingine ni za lazima: mtoto akitia mkaa mdomoni utamwambia nini? Kwamba watoto 28 si mchezo. Kwamba siku hiyo kulikuwa na joto la Oktoba, lile la kabla ya mvua, ambalo hata mbuzi hukosa adabu. Yaya akanisikiliza mpaka nikaishiwa, akamimina mahindi yake kwenye pembe ya kitenge, akafunga fundo.

“Sikusema ni mubaya. Nilihesabu tu.”

Miaka minne nilikuwa nimeifanya kazi ile. Wageni walikuja kupiga picha, wazazi walikuja kuchukua watoto wao, mkubwa wa mtaa alikuja kuuliza kama tuna hati yenye muhuri. Lakini mtu wa kukaa kitako na kunitazama nikifanya kazi, tangu mwanzo mpaka mwisho, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Katuba. Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bure, madarasa yalifurika. Lilikuwa jambo jema na sitakubali mtu alibeze mbele yangu, maana watoto niliokuwa nawaona barabarani wakiuza maji ya vifuko niliwakuta wameketi darasani kwangu. Ila waliketi wanne kwenye benchi la wawili, na darasa likapita watoto 90. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kuna saa ya kuchora na saa ya kuimba. Ukutani. Hizo ndizo saa za kwanza kuliwa na hesabu na Kifaransa mtihani ukikaribia, na mtihani kwetu hukaribia mwaka mzima. Tulipochora, nilichora chungu ubaoni, nao 90 wakanakili chungu. Nikasahihisha vyungu 90. Kimoja kilikuwa na miguu, nikakipa sifuri. Mpaka leo namtafuta mwenye chungu kile nimwombe radhi.

Ndipo nikaanza Jumamosi zangu. Kwanza nilimwendea mkuu mmoja wa shule kuomba uwanja wake. Nilikuwa nimejiandaa: nikamtajia kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, iliuridhia mwaka 1990. Kifungu hicho kinasema mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza, na kushiriki katika utamaduni na sanaa. Mkuu akaniangalia kwa huruma.

“Mama, kifungu cha 31 sikijui. Hapa tunatumia kifungu cha 15.”

Mkongomani yeyote anacheka hapo. Kifungu cha 15 ndicho kile kisicho kwenye katiba yoyote unayoweza kuishika mkononi, ambacho watu husimulia kuwa kilizaliwa Kasai Kusini mwaka 1960, nacho kina neno moja tu: jitafutieni. Basi nikajitafutia. Mama mmoja wa kanisani alinipa kivuli cha mwembe wake, parsele (kiwanja) yenye kichuguu katikati. Anayefika Lubumbashi mara ya kwanza hushangaa vichuguu vyetu. Vingine vinaizidi nyumba kwa urefu, na watu wamejenga kuvizunguka kana kwamba ni wazee wa ukoo. Udongo wake unatoa matofali mazuri, na unatoa pia udongo mzuri wa kufinyanga: laini, hauna mchanga, haupasuki upesi. Hatukuwa na fedha ya rangi. Tulikuwa na kichuguu, makala, katoni za duka la Wahindi, na nyaya ambazo wavulana huzikunja wenyewe kuwa magari ya kusukuma, yenye usukani unaozunguka kweli. Ufundi huo hakuna aliyewafundisha, au tuseme walifundishana bila sisi.

Kuhusu mafunzo, nilishayapata. Ninayo hati, ipo ukutani sebuleni, imeanza kuliwa na unyevu pembeni. Shirika moja lilitukusanya siku tatu kwenye ukumbi wa hoteli, tukapewa fulana, kalamu, kuku na bukari (ugali) mchana, na nauli ndani ya bahasha tuliyoitia sahihi mara tatu. Tulifundishwa théâtre-forum, ule mtindo wa Mbrazili Augusto Boal: mnaigiza tatizo, mnasimamisha mchezo, mtazamaji anainuka na kuchukua nafasi ya mhusika ajaribu njia nyingine. Niliupenda, na naupenda hadi leo. Lakini siku zote tatu hapakuwa na mtoto hata mmoja ukumbini. Watu wazima ndio tuliocheza watoto. Tuliketi sakafuni, tukajifanya wakorofi kidogo, mwezeshaji akapiga makofi mara mbili, tukanyamaza. Sijawahi kuona watoto watiifu kama sisi.

Mwezi uliofuata nikajaribu chini ya mwembe. Baba mlevi anarudi nyumbani, mama hana unga. Nikasimamisha mchezo, nikauliza kwa sauti ya ukumbini: nani anataka kuja kubadilisha? Watoto 19 waliinua mikono, wote wanataka kuwa baba mlevi. Hakuna aliyetaka kuwa mama. Waliyumba, walitapika kwa midomo, walianguka juu ya kichuguu, parsele nzima ikacheka mpaka jirani akapanda ukutani kutazama. Kwenye daftari langu la mafunzo hapakuwa na ukurasa wa siku kama hiyo. Nikapiga namba tuliyopewa “kwa ufuatiliaji”. Kijana mwenye adabu akanijibu kwamba mradi uliisha mwezi uliopita.

Sina kinyongo na kuku. Ninalolalamikia ni kwamba kila mtu alidhani tunachokosa ni maarifa, hivyo wakatumwagia maarifa kama maji kwenye chupa, wakaifunga, wakaondoka. Ni kweli maarifa tulikosa. Ila kilichonimaliza mimi kilikuwa kitu kingine, na nilikijua vizuri ile Jumamosi ya shimo.

Mtoto mmoja wa kiume, sitasema zaidi ya hapo, alichora shimo. Katika mkoa wetu mtoto akichora shimo hakuna haja ya kuuliza ni shimo gani. Wachimbaji wa mikono, wanaotafuta shaba na kobalti, wanajulikana kila kaya. Ndani ya shimo akachora mtu, miguu juu. Kisha akaanza kumgonga yule mtu kwa ncha ya makala, tak, tak, tak, mpaka pakawa doa jeusi tu na katoni ikatoboka. Mwenzake wa pembeni akacheka. Nami nikafanya nini? Nikainama, nikasema kwa ile sauti tamu ya mwalimu: “Chora jua hapo juu, itapendeza.” Akachora jua. Lilikuwa jua zuri, lenye miale iliyopangwa sawasawa. Akaniletea, nikamsifu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na nyingine hakuja.

Nilimbeba yule mtoto kichwani wiki nzima. Nilimweleza mume wangu, akasema ni michoro ya watoto. Nilimweleza mwalimu mwenzangu, akaniuliza kama ninalipwa kwa hizo Jumamosi. Daktari ana daktari mwenzake, hata muuza makala pale sokoni ana wenziwe wa kulalamikia bei ya gunia. Mimi nilikuwa na mwembe. Usiku ule niliazimia kuacha, na ningeacha, isipokuwa kulitokea matanga huko Kamalondo.

Kwenye matanga hayo waliimba watoto, kama 30 hivi. Aliyewaongoza alikuwa mama mnene mwenye ndala, hakupaza sauti hata mara moja. Aliinua kidole, wakaingia. Alishusha macho, wakapunguza. Katikati ya wimbo msichana mmoja akaanza kulia kwa kweli, mimi ningemtoa haraka nje. Yule mama akasogea hatua mbili, akasimama karibu naye bila kumgusa, akaendelea kuongoza kutoka pale. Msichana akalia, akaimba, akalia, akaimba. Baadaye nikamfuata.

“Yaya, ulisomea wapi kazi hii?”

“Sikusoma. Niliangalia bantu.” Akanitazama kidogo. “Na weye, nani anakuangaliaka?”

Ndivyo alivyofika kwenye bidoni ya manjano na mahindi yake.

Nilimsimulia habari ya shimo siku ileile, baada ya zile punje 41, nikiwa bado nimenuna. Nilitaka aniambie si kosa langu. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema neno moja: “Ulimufunika.”

Neno hilo lilikaa nami. Nikamuuliza basi ningefanyaje. Akasema ningekaa tu pembeni yake. Ningeweza kumuuliza: huyu ni nani? Na kama asingejibu, ningekaa. Na kama angejibu jambo nisiloliweza? Hapo ndipo Yaya aliponipa mafunzo ambayo siku tatu za hoteli hazikunipa: “Hauna haja ya kuliweza peke yako. Unakuya kwetu.”

Hapakuwa na “kwetu” wakati huo. Alikisema kana kwamba kipo, ikabidi kiwepo.

(Mtoto wa shimo alirudi baada ya wiki tano. Alikuwa Likasi kwa bibi yake. Kumbe nilijipa umuhimu kuliko niliokuwa nao. Lakini jua lile bado linaniuma.)

Sasa tuko saba. Yaya wa kwaya, mimi, kijana wa ngoma anayefundisha huko Kenya (komine ya Kenya, yaani sehemu ya mji wetu, si nchi), binti wa vikaragosi kutoka Ruashi, mchoraji aliyepitia shule ya sanaa, na wanandoa wawili wanaosimulia hadithi jioni kwenye uwanja wa kanisa lao. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, kwa zamu. Kabla ya hapo, katikati ya mwezi, kila mmoja anakwenda kumtazama mwenzake akifanya kazi, mara moja tu. Mtazamaji hasemi kitu mbele ya watoto. Anayetazamwa ndiye anayechagua ahesabiwe nini. Baada ya masaibu yangu tuliona heri iwe hivyo. Kijana wa ngoma aliomba tumhesabie dakika ambazo mikono yake mwenyewe iko juu ya ngoma. Katika saa moja ilikuwa dakika 37. Watoto walikuwa wamekuja kujifunza ngoma, nao walikuwa wamejifunza kumtazama. Aliacha kuja mwezi mzima kwa aibu, kisha akarudi na watoto wawili wenye umri wa miaka 12 ambao sasa ndio wanaoanzisha mapigo.

Msaada wetu mwingine ni wa tumbo na mfuko. Tuna likelemba: kila mwezi kila mtu anatoa kidogo, na anayepokea lazima anunue kitu cha watoto, risiti mezani. Kwa njia hiyo tulipata rangi ya maji kwa ndoo badala ya vichupa, na mabaki ya karatasi kutoka kwa mpiga chapa, anayetuuzia kwa kilo. Tulikubaliana pia kwamba hakuna anayekaa na watoto peke yake, lazima pawe na mtu mzima wa pili, hata kama ni shangazi anayechambua sombe (kisamvu) pembeni. Kundi letu la WhatsApp lipo, lakini limejaa sala za asubuhi na picha za maua. Simlaumu mtu. Kazi yenyewe haifanyiki humo.

Tunagombana. Mgogoro mkubwa zaidi ulikuwa wa mkono: je, mkono wa mkubwa uguse karatasi ya mtoto au usiguse? Mchoraji anasema mtoto asipoonyeshwa jinsi ya kushika brashi unamdanganya kwamba hajui kumbe hajafundishwa. Yaya anasema ukigusa mara moja mtoto atakungoja uguse tena. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mimi nikawaza kwamba ugomvi huu mji wetu umeshaugombana kabla hatujazaliwa.

Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka vijana wake wanakili picha za Ulaya. Aliwapa rangi, akawaacha wachore wanachokijua. Bela, aliyetoka Chad, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza picha zake samaki, ndege na nyoka. Mwenze Kibwanga alijenga kila kitu kwa mistari mifupi iliyobanana kama ukili. Watatu, karakana moja, na huwezi kumchanganya huyu na yule. Miaka mitano baadaye, mwaka 1951, Mbelgiji Laurent Moonens akaanzisha Academie ya sanaa katika mji huohuo, yenye masomo, mazoezi na hatua. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana yake ikamezwa na Academie.

Yaya alipenda nusu ya kwanza ya habari hii, mchoraji nusu ya pili. Mimi naona Romain-Desfossés naye alishika mikono ya watu, ila kwa mbali. Anayekuchagulia usichotakiwa kukiona amekwisha kukufundisha, tena bila wewe kuweza kumbishia. Afadhali mwalimu anayesema waziwazi: hivi ndivyo brashi inavyoshikwa, sasa nenda zako. Hilo ni langu, Yaya hajalikubali. Tulichoafikiana wote ni kidogo sana: ukitaka kuonyesha, onyesha kwenye karatasi yako, si ya mtoto.

Kuna mfano mwingine wa mjini kwetu ninaoupenda zaidi, wa kundi la Mufwankolo, waigizaji ambao vizazi viwili viliwacheka redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mtafiti Johannes Fabian alifuatana nao mwaka 1986 na kurekodi jinsi walivyotengeneza mchezo. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walianza na wazo, wakalijadili, wakasimama kujaribu, wenzao wakiwa wamekaa wanatazama na kusahihisha. Waliokuwa kazini na waliokuwa wakitazama walikuwa watu walewale, wakibadilishana. Hakuna aliyeita jambo hilo mafunzo.

Tulikaribia kuvunjika mwezi wa sita. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, ya kuwakumbuka watoto wa Soweto wa mwaka 1976, na kila mwaka wakubwa hutafuta watoto wa kucheza mbele yao. Mwenzetu mmoja alialikwa alete watoto 40. Juni huku kwetu ni baridi. Asubuhi unatoa mvuke mdomoni. Watoto wakasimama tangu saa moja, mabega wazi, majani kiunoni, wakimngoja mheshimiwa aliyefika saa tano kasoro. Wakacheza dakika sita. Wakapewa biskuti.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyegusa chai. Mwenzetu alijitetea kwamba asingekwenda, nafasi ingechukuliwa na mwingine, na kwamba fedha za mwaliko ule zilinunua ngoma mbili. Yote kweli. Binti wa vikaragosi, mdogo wetu kuliko wote, akauliza tu: “Nani alikuwa na baridi?” Tukakaa kimya. Tangu hapo tuna sharti moja: mwaliko wowote unaletwa mezani kabla ya kujibiwa, na swali la kwanza ni watoto watangoja wapi, muda gani, wamevaa nini. Mialiko mitatu tumeikataa. Mmoja wetu alituacha kwa sababu hiyo, na hata likelemba ikapungua. Ndiyo maana nasema tuko saba, tulikuwa wanane.

Najua kuna mitandao mikubwa kuliko huu wetu. Wasanii watu wazima wa Lubumbashi wana Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, iliyoanzishwa na chama cha wasanii kiitwacho Picha mwaka 2008, na wana kituo cha sanaa cha Waza. Maigizo ya watoto yana chama cha dunia nzima, ASSITEJ, kilichoundwa mwaka 1965, na tarehe 20 Machi ndiyo siku yake. Mwaka 2017 mkutano wake mkuu ulifanyika Cape Town, mara ya kwanza katika bara hili. Mwaka huu, 20 Machi, tulifanya onyesho letu dogo chini ya mwembe, mvua ikatukatiza, tukalimalizia barazani tumebanana. Inapendeza kujua kwamba siku hiyohiyo kuna watu mahali fulani wanafanya vivyo hivyo. Ila hao hawawezi kuja kukaa kwenye bidoni.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu kumtazama binti wa vikaragosi, kule Ruashi. Nilibadilisha taksibasi mara mbili, mahindi mfukoni. Nilimkuta anatundika kitambaa cheusi kati ya miti miwili, soksi zenye macho ya vifungo zimepangwa kwenye mkeka. Nikamuuliza nihesabu nini. Nilitegemea aseme hapana zake, au dakika zake. Akafikiri, akaonyesha kwa kidevu mtoto mmoja aliyekaa mbali na wenzake, mgongo kwenye ukuta.

“Hesabu mara ngapi namuangalia ule.”

Nikakaa. Watoto walicheka sana siku hiyo. Ana kipaji binti huyu, mbuzi wake wa soksi anapiga chafya mpaka watu wazima wanasimama njiani. Nilijisahau nikacheka nami, nikarudi kwenye punje zangu. Kitambaa kiliposhushwa, akaja moja kwa moja, jasho usoni, akanyosha kiganja. Nikamwekea punje mbili.

Akazitazama. Hakusema kitu, akazitia mfukoni, akaenda kukikunja kitambaa. Kilikuwa kirefu kwa mtu mmoja, akashika pembe mbili na zile nyingine zikaburuta vumbi. Mtoto wa ukutani akasimama, akaja akaziokota.